Tuliacha Kanda Izunguke

Msomaji mpenzi, je, nyumbani kwako iko kaseti ya zamani ambayo haijapigwa miaka mingi? Kabla hujaitupa, na kabla hujampa mtoto aichezee, naomba unisikilize kidogo.

Mimi ni karani wa parokia hapa Tabora. Kazi yangu ni kuandika ubatizo, ndoa na mazishi katika vitabu, na kumtafutia mtu cheti chake anapokuja mbio siku ya mwisho. Nilisomea ualimu chuoni, na cheti cha kufundisha ninacho, lakini njia ilinipeleka ofisini, wala silalamiki. Ninayotaka kukueleza leo si ya ofisi. Ni ya Jumapili alasiri, chini ya mwembe mmoja huko Isevya.

Hapo hukutana watu saba au wanane wapendao muziki. Hatuna chama wala kadi ya uanachama. Tuna viti vya kuazima, sahani ya matobolwa na karanga, spika moja ndogo ya kuunganisha na simu, na redio kaseti kuukuu. Sheria yetu ni moja tu: kila Jumapili mtu mmoja huleta wimbo mmoja, na wote husikiliza hadi mwisho pasipo kusema neno. Wimbo ukiisha, hapo ndipo ugomvi huanza. Nani alipiga gitaa la solo? Mwaka gani? Je, aliyeimba kibwagizo ndiye aliyetunga? Mimi, kwa kuwa nimezoea kuandika, nimekabidhiwa daftari. Naandika jina la wimbo, jina la bendi, na kando naandika nani anabisha. Kurasa za kubisha zimekwisha kuzidi kurasa za nyimbo.

Hapana shaka wewe uliyekaa mbali utauliza, kwa nini Tabora? Ndugu yangu, mji huu ulikuwa na bendi! Kiko Kids walitoka hapa, pamoja na Salum Zahoro wao. Tabora Jazz walikuwa hapa, na mpaka leo ukipiga “Dada Asha” katika harusi utaona wazee wanaacha wali wanasimama. Nyanyembe Jazz walikuwa hapa, wenye “Rangi ya Chungwa”. Mji mmoja wa bara, mbali na bahari, mbali na studio, na bendi tatu ambazo nchi nzima ilizijua. Ni ajabu, lakini ukitazama njia yenyewe si ajabu sana. Kila kitu kilipita hapa. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe mpaka pwani wakarudi na nguo, na kwa safari ya miezi mitatu mtu hawezi kwenda pasipo wimbo. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Ngoma ya Beni nayo ikapanda kutoka pwani na vyama vyake vya Marini na Arinoti, na watu wakagawanyika mitaani kwa sababu ya ngoma kama wagawanyikavyo leo kwa sababu ya mpira. Hata Shem Karenga, sauti ya “Dada Asha”, aliyefariki mwaka 2014, alitoka Kigoma, akaifuata njia hiyohiyo kuja huku. Basi kubishana juu ya nyimbo hatukukuanza sisi wa Isevya.

Sasa nikutajie watu wetu, ingawa majina yao nitayaacha. Yuko Babu Fundi, ambaye miaka mingi alitengeneza simu za reli, akijua kila nguzo ya waya. Yuko mama mmoja auzaye vitenge sokoni, ambaye masikio yake hayakosei hata siku moja. Yuko dereva wa lori. Yuko Baba Mdogo, mwalimu mkuu mstaafu; namwita hivyo kwa sababu alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu baba yangu. Na yuko binti mmoja mwalimu wa hisabati katika sekondari, ambaye sote tunamwita Mwalimu tu, hata Babu Fundi, ambaye angeweza kuwa babu yake kweli.

Ni huyo Mwalimu aliyeleta fitina. Zamu yake ilipofika, tulidhani ataleta muziki wa vijana. Kumbe alileta wimbo wa Waingereza unaochukua zaidi ya dakika 15. Bendi inaitwa Yes, wimbo unaitwa “Awaken”, nao ulitoka mwaka 1977. Alituambia kwamba aina hiyo huitwa progresivu roki, kwamba ina wapenzi wake ulimwenguni pote wanaopelekeana kanda na santuri na kubishana kama sisi, na kwamba tusimkatize.

Tulijitahidi. Piano ilianza mbio, kisha gitaa, kisha sauti nyembamba ya mwanamume. Baada ya dakika kadhaa muziki ukapungua, ukapungua, ukabaki mlio wa vikengele na kinubi. Dereva akadhani umekwisha, akafungua kinywa. Mwalimu akainua kidole kama darasani. Pole pole kinanda cha kanisa kikaanza kuingia, na baadaye kwaya, na mambo yakakua mpaka ile spika ndogo ikatetemeka juu ya kiti. Ulipokwisha kweli, hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha yule mama wa vitenge akasema, “Huyu wa kinanda yuko kanisani. Sauti ile si ya chumba.”

Mwalimu alifurahi sana. Akatueleza kwamba bendi ilikuwa ikirekodi katika mji wa Montreux, Uswisi, lakini kinanda kilikuwa katika kanisa la Mtakatifu Martin, mji wa jirani uitwao Vevey. Hawakukibeba kinanda, maana kinanda cha namna ile hakibebeki. Mpigaji, Rick Wakeman, aliketi kanisani, na sauti ikapelekwa studio kwa waya za simu.

Hapo Babu Fundi, aliyekuwa akisinzia, aliketi wima. “Kwa waya za simu?” akauliza. “Simu ya kawaida hukata sauti za chini na za juu. Ungesikia kinanda kama nyuki ndani ya mkebe. Hao walipewa waya maalumu.” Akaendelea, “Na yeye alisikiaje wenzake?” Mwalimu akajibu kwamba aliwasikia kwa vidude vya masikioni. Babu akatikisa kichwa akisema kwamba hao waliotengeneza waya nao wangestahili kuandikwa majina juu ya santuri. Tangu siku ile amekuwa mtetezi wa roki ndefu kuliko hata Mwalimu.

Basi tukapata homa. Mwalimu alituletea Genesis, ambao mwaka 1972 walitoa wimbo unaokaribia dakika 23, “Supper's Ready”, na mwishoni mwake wamechota picha za kitabu cha Ufunuo. Mimi karani niliposikia habari za Yerusalemu mpya nilitega sikio. Alituletea Jethro Tull, ambao mwaka uleule walijaza santuri nzima, pande zote mbili, kwa wimbo mmoja, na jalada lake likatengenezwa mfano wa gazeti la kijijini, lenye habari na matangazo ya kubuni. (Bwana Mhariri asinikasirikie, lakini nilicheka sana.) Alituletea pia watu wa siku hizi. Yuko Mwingereza mmoja, Steven Wilson, mwanzilishi wa bendi ya Porcupine Tree, ambaye mbali na nyimbo zake mwenyewe amezichukua kanda asilia za King Crimson, za Yes na za Jethro Tull akazichanganya upya, hata wazee waliozijua nyimbo hizo tangu ujana husema wanasikia vyombo ambavyo hawakuvisikia kwanza. Na wako Marillion: mwaka 1997 hawakuwa na fedha za kwenda kupiga Marekani, ndipo wapenzi wao wenyewe wakachanga dola 60,000 ili waende. Dereva wetu aliposikia hivyo alisema kwamba sisi tumeshindwa kuchanga za spika ya pili.

Naam, na Freddie Mercury? Hapo tulibishana wiki mbili. Alizaliwa Unguja mwaka 1946, na wimbo wake wa mwaka 1975, “Bohemian Rhapsody”, unakaribia dakika sita na una vipande visivyofanana. Mama wa vitenge asema huyo ni wao. Mwalimu asema ni jirani yao tu. Katika daftari nimeandika majibu yote mawili.

Lakini si wote waliofurahi. Baba Mdogo alikuwa akisikiliza kwa adabu, mikono juu ya fimbo yake, lakini niliona uso wake. Jumapili moja akasimama. “Wanangu,” akasema, “nilikuja hapa kusikiliza Nyanyembe. Wazungu wana watu wao wa kuwasikiliza. Nyimbo zetu ni dakika tatu tatu, je, ndizo zimekuwa nyimbo za watoto?” Akachukua kiti chake mwenyewe, maana yeye alikuwa akija na chake, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili.

Msomaji, usidhani jambo hili ni dogo. Mtu ambaye amefiwa na mke, na rafiki zake wengi wako makaburini, Jumapili alasiri si kitu cha kumwondolea. Nilikwenda kumwamkia. Alinipokea vizuri, akanipa maji na kiti, tukazungumza habari za mvua. Nilipotaja baraza, akasema, “Baba yako angalikuwepo, asingalikubali.” Maneno hayo yaliniingia, naye hakujua kwa nini.

Sasa yanipasa kueleza jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka zaidi ya 20.

Baba yangu alikuwa na kaseti moja aliyoithamini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla mimi sijazaliwa, yeye na wenzake waliweka redio kaseti mbele ya redio nyingine, wakarekodi nyimbo za bendi za Tabora zikipigwa Radio Tanzania. Hawakuwa na waya wa kuunganisha, kwa hiyo kila kilichosemwa chumbani kiliingia humo: kicheko, mabishano, vikombe. Baba aliipenda kaseti ile kwa sababu ya muziki, na nadhani zaidi kwa sababu ya vikombe. Mwaka 2003 nilikuwa na umri wa miaka 14, nami ndiye niliyeongoza kwaya ya watoto, nikijiona mkubwa. Nikataka kurekodi mazoezi yetu. Nikatafuta kaseti tupu, sikupata. Nikaitwaa ile. Nilijua ni ya nani. Nikasema moyoni kwamba nyimbo za dansi zimepitwa na wakati, na hizi zetu ni njema zaidi. Nikarekodi upande wa kwanza, nikageuza, nikarekodi upande wa pili.

Baba aliipiga jioni ya siku chache baadaye. Nilikuwa nje, nikasikia sauti zetu wenyewe zikitoka dirishani. Nikangoja kuitwa. Akatoka, akasimama mlangoni, akasema, “Mmeimba vizuri.” Basi. Hakuongeza neno siku ile, wala hakuongeza mpaka alipofariki mwaka 2017. Angalinichapa ningalikwisha kusahau. Kaseti ilirudi katika kopo la biskuti, na katika kopo hilo ikakaa. Mimi sikuigusa, naye sijui kama aliigusa.

Baada ya kutoka kwa Baba Mdogo nilikwenda kwa mama yangu nikaomba lile kopo. Nilimwendea Babu Fundi kwanza, peke yake, nikamwuliza kama iko njia ya kupata kilicho chini. Aliifungua redio kaseti akanionyesha. Viko vichwa viwili vidogo vya chuma. Utepe hupita kwanza penye kichwa cha kufutia, ndipo hufika penye kichwa cha kurekodia. “Si kama kuandika juu ya maandishi, mjukuu wangu,” akasema. “Ni kufagia kwanza, halafu kuandika. Hakuna kilicho chini.” Kisha akageuza kaseti akanionyesha vijino viwili vya plastiki mgongoni mwake. Ukivivunja, mashine haikubali kurekodi tena. Kazi ya nukta mbili. Baba hakuvivunja, watu wengi hawakuvivunja. Ndiyo maana nilikuuliza habari za kaseti zako.

Hata hivyo zamu yangu ilikuwa imefika, na sikuwa na wimbo mwingine moyoni. Nikamtuma Mwalimu kwa Baba Mdogo, maana mimi niliona haya. Alimwambia tu, “Shikamoo babu, Jumapili karani ataleta kaseti ya marehemu.” Alikuja, na kiti chake.

Nikawaeleza yote wakiwa wameketi. Nikasema kwamba watakayosikia ni kwaya ya watoto, kwamba muziki wao niliufuta mimi, na kwamba nimeileta kwa sababu sina njia nyingine ya kumwomba radhi aliyefariki ila kumwomba rafiki yake. Baba Mdogo alinitazama sana. Hakujibu. Akasema, “Piga.”

Tukasikiliza upande wa pili. Tuliimba vizuri kweli, isipokuwa sauti ya tatu ilikuwa ikipanda juu pasipo sababu. Baada ya dakika ishirini na kitu kwaya ikakoma, mlango ukagongwa, pakawa kimya. Zamani ningalizima. Lakini tulikwisha kuzoea zile nyimbo za Mwalimu, ambazo hunyamaza katikati kisha hurudi, na sheria ni kutosema neno mpaka mwisho. Hakuna aliyenyosha mkono. Utepe ukazunguka. Pakasikika mlio mdogo wa kubonyeza, tak.

Kisha gitaa.

Lilikuwa katikati ya wimbo, nyuma yake mlio wa redio na mvumo kama wa upepo. Na juu yake mtu akasema kwa sauti ya kijana, kubwa, karibu na mashine, “Funga mlango huo, mbuzi anaingia!” Watu wakacheka ndani ya kaseti. Sauti ya kwanza ilikuwa ya baba yangu, naye alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Mwingine akasema, “Nyamazeni, sikilizeni gitaa.” Baba Mdogo akaweka mkono juu ya kinywa, maana huyo wa pili alikuwa yeye.

Dakika nne na kidogo ndizo zilizobaki. Nilipima. Kwaya yetu ilikuwa imekwisha nyimbo kabla utepe haujaisha, na mimi wakati ule, kwa haraka yangu, sikuliwaza hilo.

Tulipiga mara tatu. Mara ya tatu Mwalimu alirekodi kwa simu yake, akampa kila mtu nakala, na ile kaseti Babu Fundi akaivunja vijino vyake kwa ncha ya kisu kabla hajanirudishia. Baba Mdogo alikuwa amenyamaza muda wote. Ndipo akatueleza jambo ambalo limekaa katika daftari langu, ukurasa mzima. Alisema kwamba ukumbini nyimbo zile hazikuwa za dakika tatu hata kidogo. Mwimbaji akimaliza maneno, magitaa hubaki, na wachezaji wakipenda bendi huendelea mpaka jasho liwaishe watu. Santuri ndiyo iliyokuwa fupi. Upande mmoja wa santuri ndogo haukutosha, ndiyo sababu wakati mwingine wimbo ulikatwa vipande viwili, na ilikubidi uamke kugeuza upande ili usikie uliobaki. “Kwa hiyo,” akamwambia Mwalimu, “hao Waingereza wako walijaza santuri nzima. Sisi tulijaza usiku. Tofauti ni kwamba wao waliandika.” Mwalimu akasema, “Ndiyo, babu,” na nilimwona anaandika kiganjani.

Tangu hapo ametuletea hoja mpya. Asema mwaka 1969 ni mwaka wa kutazamwa: Oktoba, London, King Crimson walitoa santuri yao ya kwanza, ambayo wengi huihesabu kuwa mlango wa roki ndefu, mwezi uliofuata, Dar es Salaam, muziki wa soul ukapigwa marufuku. Redioni bendi zetu zilipewa nafasi, na za kigeni zikapunguzwa. Yeye asema ndipo Tabora ilipostawi. Mwalimu asema ndipo tulipokosa kusikia mengi. Wamekwisha kuligombania Jumapili tatu, na kila mmoja huja mapema kuliko mwenzake.

Jambo moja halijaamuliwa. Wimbo ule wa dakika nne ni wa nani? Mwanzo wake niliufuta mimi, na maneno hayamo, ni magitaa matupu. Babu Fundi aapa ni Nyanyembe. Baba Mdogo, ambaye alikuwapo chumbani, asema ni Tabora Jazz. Mama wa vitenge ameomba nakala akasikilize usiku, watoto wakiwa wamelala.

Mimi nilimpelekea mama yangu. Alikuwa akichambua mchele uani. Nikaweka simu juu ya ungo, nikapiga. Aliendelea kuchambua mpaka sauti ile iliposema habari za mlango. Akaacha. Akanisihi nirudie. Nikarudia. Akasema, “Mbuzi huyo hakuwa wetu, alikuwa wa jirani. Na mlango niliufunga mimi.”